Neno "Pakua" Lililogongwa Muhuri

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na minne, meno yangu yote yapo, na kila asubuhi napanda mteremko wa shamba langu la kahawa hapa Matiri bila fimbo. Lakini kazi ya kutengeneza programu za kompyuta niliiacha kwa barua, nikaagwa kwa keki na saa ya ukutani, na mkurugenzi akasoma hotuba yenye maneno "utumishi uliotukuka". Saa ilisimama kabla sijafika stendi. Kama huko siko kustaafu, niambieni ni nini.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza chuo mwaka huu na kurudi Mbinga na vyeti vilivyofunikwa plastiki. Mkija kwangu kununua miche ya kahawa huwa mnauliza, "Dada, tujifunze lugha gani ya kompyuta?" Jifunzeni mnayoitaka. Mimi nitawaeleza jambo ambalo chuoni kwetu lilipewa dakika kumi, mwalimu akiwa ameshachukua mkoba wake: mashine ikimaliza kazi, ilichokitoa kiko wapi?

Wasiojua kazi hii nao wasogee. Sisi huandika maagizo. Maagizo hayo yanakwenda kwenye kompyuta kubwa ya mbali, seva, na seva inayageuza kuwa faili moja ambalo mtu wa kawaida analiweka kwenye kompyuta yake na kulitumia. Seva inafanya hivyo yenyewe. Ukibadilisha mstari mmoja tu inaanza kujenga upya, inapima, inakuonyesha alama ya kijani kuwa imefaulu, na inakuwekea faili pembeni ulichukue. Faili hilo tuliliita zao, kwa sababu tulikuwa Mbinga na akili zetu zilikuwa kwenye kahawa. Seva hailitunzi milele. Nafasi ina gharama, kwa hiyo baada ya muda inafuta. Usipolipakua wewe, ukaliweka mahali pako, huna kitu. Somo limekwisha, na bado dakika tisa.

Sasa sikilizeni sisi tulivyolielewa.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa na kila mtu amekuwa kampuni. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanafukuzana barabarani, minara ya simu inaota vilimani, na miradi inashuka na magari meupe kuja kutukomboa kwa semina. Mkurugenzi wetu, Mzee Kapinga, alikuwa amefanya ukarani wa ghala la ushirika tangu ujana wake. Ushirika ulipoyumba akapunguzwa kazi, akaondoka na kiti cha mbao, kidau cha wino, na imani kwamba jambo lisilogongwa muhuri halijatokea. Akapanga chumba karibu na stendi, akaandika neno TEKNOLOJIA ukutani kwa rangi ya mafuta, akaniajiri mimi niandike programu na Skola awe katibu muhtasi. Kompyuta tatu, mashine ya kuchapa moja, mihuri minne.

Siku yangu ya kwanza aliniita mezani kwake.

"Binti Ndunguru, hiyo kazi ya seva ikiisha, unajuaje kwamba imeisha?"

"Inaonyesha alama ya kijani, mzee."

"Nani anaiona?"

"Mimi."

"Na ukifa?"

Nilikuwa na shahada, nikamweleza kwamba seva haifi.

"Basi ichapwe," akasema.

Ikaanza hivyo. Kila seva ilipomaliza ujenzi, nilifungua ukurasa wa matokeo na kuuchapa. Mashine yetu ilikuwa ya rangi moja, hivyo kijani kilitoka kijivu. Mzee Kapinga aligonga muhuri wa IMEPOKELEWA. Skola aligonga tarehe, akatoboa karatasi na kuiingiza kwenye faili la mgongo mpana lililoandikwa ubavuni MAPOKEZI YA UJENZI. Mimi niligonga wa tatu, IMEHAKIKIWA, nikaweka sahihi.

Msidhani nilikubali kimyakimya. Nilihoji kila siku. Nilihoji kwa nini mihuri mitatu isiwe miwili. Nilihoji kwa nini wino wa zambarau. Nilimwambia Skola kwamba tunaendesha ghala la kahawa ambalo halina kahawa. Skola hakuinua macho.

"Dada, wewe unaongea sana. Saini hapo."

Nikasaini. Kumbukeni hapo, nitaparudia.

Nisiwape picha kwamba sikuwahi kupakua kitu. Nilipakua, tena kwa jasho. Mtandao wa ofisini ulitosha kufungua ukurasa tu, kushusha faili zima haukuweza, hivyo ilinibidi kubeba modemu, kupanda gari hadi Mapera na kusimama kwenye uwanja wa kanisa, hatua chache kutoka ukuta wa sakristia, kompyuta nimeishika juu kama mtu anayetoa vipaji. Hapo mtandao ulikuwepo, huku na huku hapana. Katekista alinitazama siku mbili mfululizo, ya tatu akanifuata.

"Binti, hiyo ni novena ya mtakatifu gani?"

"Napakua faili, baba."

"Na anakujibu?"

"Alifika karibu na mwisho, akakatika."

"Wote huwa hivyo," akasema, akaenda kufungua kanisa.

Ndipo nilipojifunza jambo la kwanza la maana. Siku moja faili lilishuka kwa sekunde tatu. Faili ambalo kwa kawaida lilinichukua nusu ya siku! Nikamshukuru Mungu kwa kuwa nilikuwa uwanjani kwake, nikalitia kwenye flashi, nikashuka nalo hadi ziwani kwa mteja wetu, safari ya kutwa nzima. Kufika na kulibofya, likakataa kufunguka. Nilipolichungulia ndani nikakuta ukurasa wa seva unaouliza jina na neno la siri. Muda wangu wa kuingia ulikuwa umekwisha, seva ikanipa mlango badala ya nyumba, na kompyuta yangu ikauhifadhi mlango huo kwa jina la programu. Nilikuwa nimebeba mlango Mbinga hadi ufukweni.

Kwa hiyo angalieni ukubwa wa faili. Seva inakuambia zao lina ukubwa gani, na ulilolishusha nalo lina ukubwa. Vikipishana, umebeba mlango. Halafu lifungueni kwenye kompyuta nyingine, isiyo yenu, ambayo haijawahi kuona kazi zenu. Yenu itawadanganya kwa kuwa inawapenda.

Sasa nije kwa Mama Chiwambo.

Mama Chiwambo alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya ufukweni, upande wa Ngumbo, ambako watu wanakula ugali wa muhogo na usipa, dagaa wao wa ziwani, na kuuliza watu wa milimani kama kweli tunaishi kwa maharage. Mradi mmoja ulitupa kazi ya kumtengenezea programu ya rejesta ya watoto: nani amezaliwa, amechanjwa nini, anatakiwa kurudi lini. Siku ya uzinduzi Mzee Kapinga alihutubia kwa muda mrefu, akatangaza kwamba enzi ya karatasi imekwisha, kisha akalichukua daftari kuu la zahanati, pamoja na madaftari mapya yaliyokuwa kabatini, akayapakia kwenye gari la mradi yaende Dar es Salaam kuwekwa "kama kumbukumbu". Alimwachia hati ya mapokezi. Ya karatasi.

Mama Chiwambo alinivuta pembeni.

"Mwanangu, hili daftari nimelishika miaka ishirini na miwili. Hakuna mtoto wa pwani hii aliyepotea ndani yake. Una hakika na hiyo kompyuta?"

"Mama, achana na daftari. Daftari linaungua, linalowa, linaliwa na panya."

"Na kompyuta?"

"Hailiwi na panya."

Hilo angalau lilikuwa kweli.

Miezi mitano alifanya kazi bila daftari. Kisha nikatengeneza toleo jipya, zuri, lenye michoro ya rangi ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Nililijaribu ofisini kwenye rejesta tupu, likafanya kazi vizuri sana. Rejesta tupu haijawahi kumkatalia mtu. Jumamosi nikashuka ziwani, nikaliweka kwenye kompyuta ya zahanati, nalo kabla ya kukaa likaliondoa toleo la zamani, kama nilivyoliagiza. Jua lilikuwa linakwenda, boti inapiga kelele. Nikaona skrini mpya imewaka, nikaaga.

Jumatatu simu ikalia. Mama Chiwambo alikuwa amepanda juu ya mwamba ulio nyuma ya zahanati, ndiko mtandao ulikokuwa.

"Binti, mashine yako inanikataa."

"Inasemaje, mama?"

"Inasema rejesta haitambuliki. Mimi naitambua. Ni ya kwangu."

Nilimwambia asiguse kitu.

"Sigusi. Lakini chanjo inafika Jumatano, nina barafu ya siku mbili, na sina orodha ya mtoto hata mmoja tangu mlipochukua daftari. Jumatatu ijayo mratibu wa chanjo anakuja kukagua rejesta. Akikuta hakuna, mwanangu, hataandika jina lako. Ataandika la kwangu. Miaka ishirini na miwili, halafu niitwe mzembe kwa ajili ya michoro ya rangi?"

Dawa ilikuwa nyepesi: kuondoa toleo jipya na kurudisha la zamani, lile la ujenzi wa kumi na saba. Nikatafuta flashi niliyokuwa nimelibebea.

"Skola, flashi ya bluu iko wapi?"

"Ile? Kwaya waliomba. Niliifuta kwanza, ilikuwa na takataka."

"Takataka gani?"

"Sijui. Zilikuwa zako."

Sikumlaumu. Flashi ilikuwa moja kwa ofisi nzima, na kwaya ilikuwa na mashindano. Nikampigia Rajabu, fundi aliyekuwa akiitunza seva huko Dar es Salaam. Sijawahi kumwona uso hadi leo, lakini sauti yake naikumbuka, sauti ya mtu anayekula karanga.

"Ujenzi wa kumi na saba? Haupo, dada. Seva inafuta mazao baada ya siku thelathini."

"Tangu lini?"

"Tangu izaliwe. Si imeandikwa pale chini ya ukurasa?"

Nikavuta lile faili la mgongo mpana. Karatasi arobaini na moja, zimepangwa kwa tarehe, hakuna iliyokunjika. Nikaifungua ya kumi na saba. Alama ya kijani iliyotoka kijivu ilikuwepo. Neno "Pakua" lilikuwepo, limepigiwa mstari chini, limechapwa vizuri kabisa. Na pale chini kabisa ya ukurasa, palipokuwa na sentensi kwa herufi ndogo, palikuwa na muhuri wa zambarau. Nikageuza ya kumi na nane: muhuri. Ya kumi na tisa: muhuri. Mara arobaini na moja seva ilitueleza kwamba itafuta, na mara arobaini na moja tuliigongea mdomoni.

Na muhuri wenyewe ulikuwa wa nani? Haukuwa wa Mzee Kapinga. Wake ulikuwa juu, kulia. Ule wa chini ulisema IMEHAKIKIWA, na sahihi iliyopita juu yake ilikuwa yangu.

Nawaambieni hili ninyi mnaojisifu kwamba hamwamini kitu. Mimi nilihoji wino, nikahoji idadi ya mihuri, nikahoji kiti cha mkurugenzi. Kitu kimoja sikukihoji: ile alama ya kijani. Ilikuwa ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa upande wangu. Mzee Kapinga aliamini karatasi, mimi niliamini rangi, na kati yetu wawili hakuna aliyewahi kuuliza faili liko wapi.

Mzee akaja kutazama.

"Tatizo nini? Si limeandikwa hapa 'Pakua'?" Akaweka kidole juu ya neno.

"Limeandikwa, mzee."

"Basi pakua."

Skola ndiye aliyeinama mezani, mabega yanamtikisika. Hadi leo hataki kusema kama alikuwa analia au anacheka.

Jumanne nzima mimi na Rajabu tulijaribu kulijenga upya. Hapa wengi wenu mtaniuliza: maagizo si yalikuwepo? Yalikuwepo, yote, tena yametunzwa vizuri. Tukayarudisha ya zamani, tukaiambia seva ijenge. Alama ya kijani ikaja. Faili likaja. Safari hii nililipakua, tena mara mbili, nikapima ukubwa kama mtu anayepima dhahabu. Lakini maagizo yangu yalikuwa yanaiambia seva ichukue vipande fulani vya watu wengine kutoka mtandaoni, "toleo la karibuni kabisa", kwa sababu ujana ulinituma nipende vya karibuni. Vya karibuni vya siku ile havikuwa vya karibuni vya miezi mitano nyuma. Mapishi yaleyale, unga mwingine. Je, faili hilo lingefungua rejesta? Rejesta ilikuwa Ngumbo. Ilibidi niende kujua.

Jumatano alfajiri Mzee Kapinga alinikuta stendi. Alikuwa amelibeba faili la mgongo mpana kwapani.

"Nenda nalo. Mratibu akiuliza, mwonyeshe kwamba sisi tulitimiza wajibu."

"Mzee, hili halina kitu ndani."

"Lina mihuri mia moja na ishirini na tatu," akasema, akalisukuma kifuani kwangu. "Huko ghalani gunia likipotea, mtu aliokolewa na hati. Mimi mwenyewe niliokolewa na hati. Chukua."

Nikalichukua. Sikuwa na moyo wa kumcheka, na hiyo kwangu ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Kuhusu lile faili la kompyuta nisiwachoshe. Nililiweka kwenye mashine ya zahanati, Mama Chiwambo amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Rejesta haitambuliki. Nikajaribu tena. Haitambuliki. Nikazima, nikawasha, nikapuliza pembeni kama fundi redio.

"Inatosha," akasema. "Unaiudhi."

Alikwenda kwenye kisanduku cha chanjo, akakigusa kwa kiganja kama anavyogusa paji la mtoto.

"Hii haitangoji. Alfajiri tunakwenda."

"Kwenda wapi, mama? Orodha hatuna."

"Orodha wanayo wenyewe."

Sikuelewa mpaka tulipofika nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba alikuwa anaanua usipa kwenye kichanja. Mama Chiwambo alimsalimu, akamwambia, "Lete kadi." Yule mama akafuta mikono, akaingia ndani, akaburuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akatoa kitenge, ndani ya kitenge mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ndani ya mfuko mwingine, na humo kadi ya kliniki ya mtoto. Kavu. Kila chanjo imeandikwa na tarehe yake, kwa mwandiko wa Mama Chiwambo mwenyewe. Pwani ile maji huingia ndani wakati wa masika, kwa hiyo kadi ya mtoto inafungwa kabla ya kitu kingine chochote. Nyumba ya pili, mifuko mitatu. Nyumba ya tatu, kadi ilikuwa ndani ya kopo la maziwa lililozibwa nta.

Nilisimama pale na shahada yangu. Kila mama wa pwani ile alikuwa amepakua. Alipokea zao siku lilipotoka, akalikagua, akalihifadhi mahali pakavu penye jina, na angeweza kulitoa kabla hujamaliza kuomba. Wala hakuna aliyekuwa na muhuri.

"Andika," Mama Chiwambo akaniambia.

"Nitaandika wapi?"

Akanigeukia. Zahanati ilikuwa haina hata ukurasa mmoja wa kuandikia, mnajua ni nani alitangaza enzi ya karatasi imekwisha. Macho yake yakashuka hadi kwapani mwangu.

"Hizo karatasi zako upande wa pili zina nini?"

"Hazina kitu, mama."

"Zilete."

Tulizunguka Alhamisi na Ijumaa, kwa miguu na kwa mtumbwi, kisanduku cha chanjo mbele, faili la mgongo mpana nyuma. Yeye alichoma sindano, mimi niliandika: jina la mtoto, la mama, kijiji, chanjo na tarehe. Watoto walilia, mama zao wakanitania.

"Huyu ndiye aliyeleta kompyuta?"

"Ndiye."

"Mbona anaandika kwa kalamu?"

"Anaisaidia. Imechoka."

Kibibi mmoja alinitaka radhi kwa kuuliza, halafu akauliza kama huko Mbinga shule zetu huwa tunamaliza. Nikamwambia shikamoo, ndilo jibu pekee nililokuwa nalo.

Karatasi ziliisha moja baada ya nyingine. Ya arobaini tuliijaza Ijumaa mchana. Tulikuwa tunarudi kwenye mtumbwi ndipo Mama Chiwambo aliposimama mbele ya kibanda kipya pembeni kabisa, ambacho kwa haraka zangu nilikwisha kukipita. Ndani alikuwemo msichana aliyehamia na mume wake mvuvi kutoka ng'ambo ya ziwa, na kitoto cha miezi minne.

"Kadi, mama?"

Msichana akatikisa kichwa. Hakuwahi kuja kliniki. Hakujua kama wageni wanaruhusiwa.

Mtoto huyo, Aneth, asingekuwa kwenye programu yangu hata ingefunguka. Programu yangu ilihesabu waliokuja. Mama Chiwambo alimchanja, akamwandikia kadi mpya, akamfundisha mama yake namna ya kuifunga kwenye mifuko miwili, fundo juu. Kisha akaninyooshea kidole kwenye karatasi iliyobaki.

Nikaandika jina moja tu nyuma ya karatasi ya arobaini na moja.

Kabla sijawapeleka Jumatatu, yale ya kazi, maana najua mtafunga ukurasa huu na kusahau. Zao likitoka, lipakueni siku hiyohiyo. Lipeni jina lenye namba na tarehe, msiliite "mpya", wala "mpya kabisa", wala "mpya kabisa ya mwisho". Wekeni nakala mahali pawili pasipofahamiana. Iambieni seva ni mazao gani yasifutwe, kipo kitufe cha kazi hiyo, mimi nilikiona baada ya kustaafu. Vipande vya watu wengine viandikwe kwa namba ya toleo, vitunzwe pamoja na zao. Na toleo la zamani lisiondoke mpaka jipya limefungua rejesta ya kweli, yenye watoto wa kweli. Ni hayo. Miaka tisa ya utumishi uliotukuka.

Jumatatu mratibu alikuja na gari, mwanamume mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni. Nilibaki ili nijitaje mwenyewe kama mkosaji, na nilikuwa nimeshapanga maneno. Mama Chiwambo hakunipa nafasi. Aliweka rundo la karatasi mezani, limefungwa kwa uzi wa nyavu.

"Rejesta hii hapa."

Mratibu akasoma jina moja moja, kijiji kwa kijiji. Alichomoa kalamu, akalinganisha na idadi ya dozi zilizotumika. Akapekua mpaka mwisho, akamkuta Aneth peke yake kwenye karatasi nzima, akauliza huyu ni nani. Akaelezwa. Akasema wageni kama hao ndio anaowatafuta pwani nzima na hawaoni. Mimi nikaanza kupumua.

Ndipo akaigeuza karatasi. Akaona kijivu kilichopaswa kuwa kijani. Akaona neno "Pakua", muhuri wa kupokelewa, muhuri wa tarehe, na chini kabisa, kwa zambarau, muhuri wangu na sahihi yangu. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Mama Chiwambo, hiki kilichohakikiwa huku ni kitu gani?"

Nikafungua mdomo. Mama Chiwambo akanikanyaga mguu chini ya meza, akanyoosha mkono, akaipindua karatasi taratibu na kuilaza pale pale ilipokuwa.

"Huo ni mgongo wake, baba. Rejesta iko huku."